Diwani Anaota Jua

Kwako dada yangu Scolastika, Mama Vumilia,

Shikamoo dada. Pokea na salamu ya Kisukuma, mwangaluka mayu, ili usiseme kukaa Geita kumenisahaulisha kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele, na yule jogoo wako jeuri ameshaliwa. Kama hajaliwa, mnisubiri. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee: macho yanaona ya mbali, masikio yanasikia yale ninayoyataka, na meno yaliyobaki yanaelewana.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu hii aliinunua mwanangu Valerian, na kila nikiongea na wewe mkwe wangu Loveness anakuja kufuta vumbi pale nilipokaa, hata kama vumbi halipo. Kwa hiyo nimetafuta karatasi. Unajua niliishia darasa la nne, tena mwalimu ndiye aliyeomba niache, basi ukikuta nukta mahali si pake ujue nilikuwa napumzika. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Vumilia akusomee. Huyo mtoto wako ana mdomo kama redio ya kijiji, na humu mna jambo la wewe peke yako. Usirukie mwisho. Nakujua.

Unakumbuka walivyonichukua nyumbani kwangu pale Kambarage baada ya lile sufuria la maharage kuungua. Mimi husema moto ulikuwa mkali, wao husema nililisahau, na moshi ukaenda kuwaita majirani kama vile ulitumwa na Valerian. Basi nikaletwa hapa Geita. Nyumba ya mwanangu ni nzuri, sitasema uongo. Ina vyoo vingi kuliko wenye haja. Ina ukuta, juu ya ukuta vipande vya chupa, na geti lenye mlinzi anayeitwa Thobias, kijana wa Bariadi, mpole, mwenye rungu ambalo sijaliona likifanya kazi. Valerian ana makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko nyuma ya mlima. Mchana kutwa unayasikia kwa mbali yakitafuna, ngu-ngu-ngu, mpaka unafikiri ni moyo wako mwenyewe umehamia nje.

Kazi yangu ilikuwa kukaa. Nikienda getini Thobias ananisalimia vizuri, ananishika mkono kama bibi harusi, ananirudisha kwenye kiti. Ananiambia, Babu utapotea. Namwambia siendi kupotea, naenda mnadani kuangalia ng'ombe. Anasema, Ndiyo babu, huku tunarudi.

Sasa, kabla ya Krismasi, Loveness alinunua kobe wa maji kwa mchuuzi wa samaki kutoka Nkome, kule ziwani. Wavuvi wa huko huwakuta kobe kwenye nyavu wakila samaki wao, basi huwatupa au huwauza kwa mtu mwenye hela. Wetu alikuwa mkubwa kama sahani ya wali, mweusi kama sufuria la mama ntilie, na shingo yake haiingii ndani moja kwa moja, anaikunja pembeni kama mtu aliyeulizwa mchango wa harusi. Walimweka sebuleni kwenye chombo cha kioo karibu na televisheni. Alikaa huko mpaka siku wageni wa kanisani walipokuja, mmoja akamgusa, naye kobe akachukia. Dada, mnyama yule akichukia hutoa harufu. Wageni walishukuru kwa chai na kuondoka bila kuinywa.

Kobe huyo nilimpa mimi jina la Diwani, maana ukimuuliza swali anaficha kichwa. Siku hiyo hiyo akahamishiwa nyuma ya nyumba, kwenye kile kibwawa cha sementi chenye bomba la mapambo ambalo halikuwahi kurusha maji hata siku moja. Na mimi nikahamishwa naye. Loveness aliniambia kwa adabu, Baba, wewe ni mfugaji, tunakukabidhi. Mimi niliyekuwa na zizi ambalo ng'ombe wakitoka asubuhi vumbi linafika kwa jirani! Leo nakabidhiwa mnyama mmoja, hana pembe, hakamuliwi, na ukimpigia mluzi anazama.

Ningekataa. Lakini siku chache kabla Valerian alikuwa ameniletea mwanamke mmoja anaitwa Melania, aliyesomea kulea wazee. Alivaa viatu vyeupe. Alinizunguka kama mnunuzi mnadani, nikadhani ataniangalia meno. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni siku ya wewe kurudi kwenu. Alicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilitaka akasirike. Valerian akasema Melania atahamia pale, atanipa dawa, atanisindikiza kila niendako, hata chooni ikibidi. Dada, mimi nimekuwa baba wa watu, nisindikizwe chooni kama mtoto mwenye minyoo! Jioni ile ya kukabidhiwa kobe tulibishana tena mpaka chakula kikapoa. Mwisho mwanangu akasema hivi: Sawa baba. Huyo kobe akifika Pasaka akiwa mzima mikononi mwako, bila kumsahau, nitajua akili yako imetulia, na sitataja tena jina la Melania. Tukapeana mikono kama watu wa mnadani.

Kwa hiyo elewa, sikuwa nalea kobe. Nilikuwa nalea akili yangu ndani ya kibwawa, na nyumba nzima inaangalia.

Nilimlea kwa ujuzi wangu wote, ndiyo maana nusura nimuue. Nilimpa pumba. Pumba zikaelea, naye akaelea katikati yake akiniangalia kama mtu aliyekosea msiba. Nilimpa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikamlowekea kwanza kwa heshima. Nilimwekea jiwe la chumvi alambe kama ng'ombe, maji yakawa mchuzi. Nilipomletea kipande cha maini kwenye kidole alikula maini na akajaribu na kidole. Hapo nikajua kumbe ni mwenzetu, anapenda nyama.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Kila asubuhi jua likishapanda Diwani alitoka majini. Alikwea ukingo wa matofali, akaangukia upande wa pili, akaanza safari kuelekea kwenye saruji ya uani. Wewe ni mtoto wa wafugaji, niambie: mnyama akitoka zizini bila ruhusa unafanya nini? Unamrudisha. Nikamrudisha. Akatoka. Nikamrudisha. Nilimwambia, Wewe ni wa maji, huko unakwenda kufa kwa kiu, mjinga mkubwa. Nikamwona mkaidi. Nikakata matawi ya miiba nikazungushia kibwawa kama boma la ndama, na juu nikaweka turubai apate kivuli, maana ndama ukimwacha juani anadhoofika. Thobias alipita akasifia. Akasema, Babu, hapa hata fisi haingii. Nikafurahi kama mtu aliyepewa cheti.

Kufikia masika Diwani hakuwa na hamu ya maini. Macho yalivimba yakafumba, kama mtoto aliyelala akilia. Gamba nililigonga kwa ukucha, likabonyea. Dada, gamba lilikuwa laini kama ganda la yai lililokaa kwenye siki. Loveness alikuja, akaangalia, akatoa kitambaa chake akafuta ukingo wa kibwawa. Jioni Valerian aliniambia tu kwamba Melania bado hajapata kazi kwingine.

Nikaanza kulala pale pale kibwawani mchana, kwenye kiti, miguu ndani ya maji, nimwangalie asife peke yake. Makarasha yanatafuna kwa mbali, joto limekaa juu ya bati, maua ya ukutani yamejaa vumbi jekundu. Ukikaa hivyo hujui ni saa ngapi unalala na ni saa ngapi unaamka. Niliota niko chini ya ziwa. Ng'ombe wangu wote walikuwa huko, wanatembea taratibu wakila majani ya maji, na kutoka kwenye pua zao mapovu yanapanda juu kama shanga. Sikuzama. Nilikuwa nawafuata kwa nyuma na fimbo yangu begani, na fimbo haikuwa na uzito. Mageni mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakamua, na maziwa yakitoka hayadondoki, yanaenda yakizunguka kama moshi mweupe. Nikamwuliza, wewe si tulikuzika? Akaniambia, Nyamaza, utawatisha. Hata kwenye ndoto anaanza yeye kunikalisha kimya!

Diwani naye alikuwepo, amekaa juu ya mgongo wa lile dume letu la mabaka. Alinisemesha Kisukuma kizuri kuliko cha katekista. Alinitukana. Aliniuliza nani aliniambia kwamba mtu wa maji hahitaji jua. Nikataka kumjibu, mdomo ukajaa maji matamu.

Ndoto hiyo ilinirudia mara nyingi, hata nikawa nawahi chakula ili niende kuiota. Naona aibu kidogo kukuambia kwamba siku hizo nilikuwa na furaha, wakati mgonjwa wangu anakufa miguuni pangu.

Sasa siku moja upepo uliangusha turubai na sehemu ya boma la miiba, na mimi nilikuwa nimelala usingizi mzito, niko na Mageni. Nilipoamka jua lilikuwa limepinduka. Kibwawani hamna kitu. Nikainuka nimtafute nimrudishe, nikamwona katikati ya uwanja juu ya saruji ya moto. Amelala kifudifudi, ametoa shingo yote, hata sikujua ana shingo ndefu hivyo. Miguu ya nyuma ameinyoosha, nyayo zimetazama juu, vidole vimetawanyika. Umewahi kumwona mlevi aliyefika salama kwake akajitupa kitandani na viatu? Ndivyo alivyokuwa. Jicho moja lilikuwa limefunguka kidogo, likaniangalia, likafumba. Hakuwa amepotea, dada. Alikuwa amefika.

Nikakaa. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ya kukaa pale bila kumshika. Mikono iliniwasha. Thobias alikuja mbio kusaidia, akasema, Babu, ametoka! Nikamwambia, Ukimgusa nitakung'ata mimi. Tukakaa wawili tunamwangalia. Jua lilipopoa aligeuka, akatembea polepole hadi kibwawani, akajitia majini mwenyewe, chubwi, kama mtu anayefunga duka.

Kuanzia hapo niliondoa miiba na turubai. Nikaweka mbao ya kupandia na jiwe bapa. Nikampa dagaa, vichwa na kila kitu, na konokono wa bustanini. Macho yakafunguka. Gamba likakaza, nikiligonga linajibu. Pasaka ilimkuta mzima na mnene, akamng'ata mgeni mmoja mwenye cheo, na Valerian akacheka mpaka akakaa chini. Alitimiza neno lake. Mbele ya wote alisema, Baba yangu ana akili kuliko wengi walioko kazini kwangu, na habari ya Melania imekwisha. Nilikunywa bia mbili. Nilijiona nimerudi ujana.

Sasa hapa, dada, angalia kama Vumilia hayuko nyuma ya mgongo wako.

Siandiki nikiwa Geita. Niko Nkome, nyumbani kwa Adam, yule rafiki yangu tuliyechunga wote, ambaye sasa anauza dagaa na ananuka hivyo hivyo. Nilitoka juzi. Nilimtia Diwani kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, nikamwambia Thobias kobe amevimba shingo, nampeleka kwa bwana mifugo. Geti likafunguliwa lote, mabawa mawili! Mimi nikitaka kutoka natafutiwa kiti, kobe akiumwa tunafunguliwa kama msafara wa mkuu wa mkoa. Nilitaka tu kuliona ziwa. Nilitaka kuona kama linafanana na lile la ndotoni. Nilipanga nikae siku chache, halafu nirudi mwenyewe kwa miguu yangu, nimwoneshe Valerian kwamba naweza.

Gari nililopanda kwenda Nkome liliposimama Nzera abiria wachimbe dawa, nami nilishuka na ndoo yangu. Nikajisaidia nyuma ya kibanda. Nilipogeuka, Scolastika, hapakuwa na kitu. Namaanisha vitu vilikuwepo, magari yapo, watu wapo, mahindi yanachomwa. Lakini sikujua ni wapi. Sikujua nilikuwa nakwenda au natoka. Nilitafuta jina la mwanangu sikulipata. Nilitafuta jina langu mwenyewe, na mahali pake palikuwa na mwanga tu, mweupe, kama ukitazama maji mchana. Gari likaondoka sikulijua kama ni langu. Sikuogopa, hilo ndilo jambo baya. Kulikuwa kuzuri. Ilikuwa kama ile ndoto, ningeweza kukaa humo.

Kitu kikakwaruza ndani ya ndoo. Nikafunua, nikaona kichwa cheusi. Tukaangaliana, hatukujuana. Mama mmoja muuza machungwa akaniuliza, Babu, huyo unamuuza? Nikasikia mdomo wangu unasema, Diwani hauzwi. Nikashtuka. Jina hilo limetoka wapi? Nikalishika kama mkia wa ng'ombe, nisiliachie. Baada ya Diwani akaja Thobias. Baada ya Thobias Loveness na kitambaa chake cha vumbi, halafu Valerian, halafu Mageni, halafu wewe, mmoja mmoja, kama ng'ombe wanaopita mlangoni mwa zizi wakati mtu anawahesabu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho kuingia. Nilikaa kwa yule mama mpaka likaja gari jingine la Nkome. Alinimenyea chungwa. Nikamshukuru, wabeja, nikalia kidogo, nikamwambia ni maganda yamenirukia machoni.

Na sasa nikuambie lile sufuria la Kambarage. Moto haukuwa mkali. Sikulisahau jikoni tu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mbele yake, nikiangalia moshi, na sikujua moshi ni wa nini. Huyo aliyeshinda Pasaka ni Diwani, dada, sio mimi. Mimi nilimkumbuka kwa sababu nilikaa naye mchana kutwa, miguu yangu iko kwenye maji yake.

Hapa Nkome nilifikiri usiku kucha. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona Nzera isipokuwa mama wa machungwa na kobe, na kobe ukimuuliza unajua anavyofanya. Lakini jana asubuhi nilimwomba Adam simu yake nikampigia Valerian. Walikuwa wamenitafuta hadi hospitali na polisi, Thobias wa watu karibu afukuzwe kazi. Nilimweleza mwanangu yote kama nilivyokueleza, bila mzaha, na unajua hilo linanigharimu. Nilisikia makarasha yake. Nikajua sasa ananipandishia ukuta hadi mbinguni. Halafu akauliza, sauti yake ndogo kama alipokuwa mtoto, Baba, umekula?

Nikamwambia nimekula sato mzima, nimemwachia Adam mifupa.

Tukaanza kupatana, mimi na yeye, polepole, kama watu wanaouziana ng'ombe mzuri. Nilimwambia, Mlete huyo Melania wako. Namkubali. Dawa nitakunywa. Maswali ya leo ni siku gani nitajibu kadiri ninavyojua. Ila yeye asije na miiba. Nikitaka kwenda mnadani, twende mnadani. Nikitaka kukaa juani, nikae. Atembee nyuma yangu kama mchungaji, sio mbele na sio kunishika mkono. Mchungaji hamwambii ng'ombe ale wapi kila hatua; anamfuata, na akiona anaelekea shimoni ndipo anasema neno. Nikasema, Nikikusahau, Valerian, aniambie jina lako, halafu aniache niendelee kutembea. Hilo akakubali haraka sana, nadhani alikuwa analia, maana alisema ana mafua.

Anakuja Jumamosi na gari, na Melania, na viatu vyeupe ambavyo nimemwonya juu ya matope ya huku. Nataka wakifika tushinde hapa siku moja kabla ya kurudi.

Usidhani Diwani nimemwachia ziwani. Wote huku wananiuliza kwa nini simwachii, kama vile kukaa naye ni dhambi. Jana nilimweka ukingoni nimpe nafasi. Aliingia, akazunguka mashua mbili, akatoka akakaa juu ya jiwe na kuniangalia kama anauliza maini yako wapi. Sasa hivi yuko pale, shingo nje, miguu imetawanyika. Nami niko karibu yake juu ya gunia, naandika, jua limenilalia mgongoni, kwa nyuma wanawake wanageuza dagaa mchangani na kumcheka mtu fulani, huenda ni mimi. Ziwa halifanani na lile la ndotoni. Hili lina kelele. Nimelipenda zaidi.

Dada, neno langu ni moja. Siku nitakapopita Kambarage na mwanamke wa viatu vyeupe nyuma yangu, ikawa nimekuangalia sikukujua, usinililie mbele za watu, wala usikasirike. Nitukane tu kwa Kisukuma, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukinitukana nikichelewa na ndama. Nadhani nitageuka.

Nisalimie Vumilia na mdomo wake, majirani wote waliokimbilia moshi, na padri, mwambie bado nadai mahubiri mafupi. Adam anakusalimia, anasema angekuoa wewe kama usingekuwa mkali. Loveness pia angekusalimia kama angejua naandika. Kaa na amani, mayu, na magoti yako uyafunike usiku.

Ni mimi mdogo wako mtukutu, na leo nalijua jina langu lote,

Masele, baba yake Valerian.